Sauti ya Shimoni

Jumatatu, 4 Mei

Maji yamenifika shingoni. Madam alinisimamisha mbele ya darasa zima akatangaza kwamba somo la Kifaransa kupitia Sanaa nimeshalifeli mara moja, na nikilifeli tena muhula huu nifungashe virago, idara hainihitaji. Alisema kwa upole. Afadhali angefoka.

Ukweli, ambao siusemi popote ila hapa: Kifaransa sikijui. Nimefika mwaka wa tatu kwa ujanja mtupu. Tulipojifunza kupitia picha, nilisimama mbele ya kila picha nikashika kidevu. Tulipojifunza kupitia nyimbo, nilijipanga nyuma ya kwaya nikawa nafungua mdomo na kuufunga, wenzangu wakaniimbia. Kwenye filamu nilisoma maandishi ya chini na kucheka kabla ya wengine. Sasa imekuja tamthilia. Tamthilia haina safu ya nyuma!

Madam ameitunga mwenyewe. Inamhusu jaji aliyepoteza wigi lake asubuhi ya kesi kubwa, akawashtaki watu wote wa nyumbani kwake. Itachezwa Alhamisi ya wiki ijayo, mbele ya wazazi na mtahini mgeni kutoka chuo kingine.

Jaji ni Bingwa. Nani mwingine? Tangu ashinde lile shindano la kughani mashairi, hawezi hata kukusalimia bila kwanza kuvuta pumzi na kutazama mbali.

Kuhusu Mama Mdogo sitaki kufikiria. Ndiye aliyenilea, ndiye anayenisomesha kwa cherehani yake. Kila mteja anayekuja kupimwa nguo anaambiwa mtoto wake anaongea Kifaransa kama maji. Siku hiyo atafunga kibanda aje kunitazama. Ameshamwambia mpaka muuza vifungo.

Jumatano, 6 Mei

Nimeokoka!

Leo Madam alitueleza kwamba katika majumba ya zamani ya maigizo huko Ufaransa kulikuwa na mtu aliyekaa ndani ya shimo ukingoni mwa jukwaa, haonekani na watazamaji, kazi yake kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Anataka na sisi tuwe na mtu kama huyo, tuuonje utamaduni wenyewe. Seremala wa chuo ameshakata mbao, shimo lipo. Nani anataka kuwa mnong'onezi?

Kimya. Nani akakae shimoni siku wazazi wamekuja na simu za kupigia picha?

Nilinyoosha mkono kwa kasi mpaka bega likalia. Madam alinitazama kwa muda, kisha akasema sawa. Nadhani aliguswa.

Mpango wenyewe ni huu. Nimepiga picha kurasa zote za tamthilia. Kwenye simu nina programu inayosoma maandishi ya Kifaransa kwa sauti ya mwanamke, safi kabisa, hana mafua wala hasira. Nimempa jina la Bibi. Nitakaa shimoni na waya sikioni. Mtu akikwama, namgusa Bibi kwa kidole gumba, Bibi ananiambia, nami nanong'ona kama nilivyoambiwa. Kujua Kifaransa kunahusu nini hapo?

Madam ametupa na sheria. Sauti ya shimoni haijadiliwi. Mwigizaji akisikia neno kutoka shimoni, alitamke papo hapo, asifikiri, asikunje uso. Ametuzoeza mchana kutwa: yeye shimoni, wao jukwaani. Akinong'ona "karoti", wanasema karoti. Hata Bingwa alisema karoti, baada ya kuvuta pumzi.

Ijumaa, 8 Mei

Shimoni ni pazuri. Macho yangu yako sawasawa na viatu vya watu. Bingwa anafunga kamba fundo mbilimbili. Binti anayeigiza Mpishi anavaa viatu vya mtu mwingine, visigino vinampwaya.

Huyo Mpishi alikwama leo katikati ya ugomvi na Jaji. Bibi sikioni, mimi mdomoni, Mpishi jukwaani, maneno yakapita kama maji kwenye mfereji! Madam alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona profesa.

Furaha haikufika jioni. Tulipokuwa tunatoka, Madam aliniambia nielewe jambo moja. Mazoezi hayana alama. Alama ni za siku ya onyesho, na mnong'onezi anapimwa kwa watu aliowaokoa. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, je, asipokwama mtu? Akasema basi mtahini atanipandisha jukwaani baada ya pazia, aniulize maswali kwa mdomo. Kwa Kifaransa. Wazazi wakiwapo.

Nimechimba shimo nikakaa ndani yake mwenyewe. Yaani lazima mtu asahau, na asahau siku yenyewe!

Na Mpishi, kwa aibu ya leo, amesema anakwenda kukariri maneno yake na ya wengine wote.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeshinda nyumbani nikimpigia pasi Mama Mdogo, Bibi yuko sikioni, anasoma tamthilia mwanzo mpaka mwisho, kisha anaanza upya. Ni lazima nijue anafika wapi wakati gani, nisije nikamgusa akaniletea maneno ya mtu mwingine.

Mama Mdogo alisimamisha cherehani akaniuliza nasema nini. Nikamwambia sisemi kitu, ni simu. Akasema simu haichezeshi midomo. Watu wazima wana vituko.

Ameanza kushona joho la Jaji. Ananiuliza kwa nini na mimi nisipimwe. Nikamweleza kwamba mtu muhimu kuliko wote katika tamthilia haonekani. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayesema kitambaa kimejikata chenyewe.

Jumatatu, 11 Mei

Tumezoea kusema mtu hawezi kuwa mkamilifu. Kama ni hivyo, Bingwa ni nini?

Leo nimejaribu kila kitu. Alipofika kwenye ile hotuba yake ndefu ya kumlaani mwizi wa wigi, nilimtolea ulimi. Akaendelea. Nikageuza kope juu chini, kitu ambacho tangu utotoni kimewatoa watu mbio. Akaendelea, tena akaongeza sauti. Nikafungua kamba ya kiatu chake cha kushoto polepole, fundo la kwanza, fundo la pili. Akaendelea kughani huku akinikanyaga vidole, bila kupoteza hata silabi.

Mapumzikoni alichuchumaa karibu na shimo. Akavuta pumzi. Akaniambia waya wa sikioni ameshauona, na tangu tuko mwaka wa kwanza anajua kwaya ilikuwa inaniimbia. Hatasema sasa, kwa sababu hataki onyesho lake liharibike. Atamwambia Madam pazia likishafungwa. Akanipigapiga begani kwa huruma.

Huruma! Heri angenizaba kofi.

Kwa hiyo nimebanwa kotekote. Asipokwama mtu, nimekwisha. Akikwama mtu nikamwokoa, Bingwa ananichoma, nimekwisha vilevile. Jana Mama Mdogo alikuwa anamwambia jirani kwamba nikihitimu ataitundika ile cherehani. Mgongo wake umechoka, haukunjuki asubuhi. Sijui nitamwambia nini.

Jumanne, 12 Mei

Balaa juu ya balaa. Leo ilikuwa zamu ya kupitia tamthilia nzima bila kusimama, nami nilitakiwa kunong'ona kila mstari pamoja na waigizaji, kwa chini, kupasha koo moto. Nilinong'ona vizuri mpaka mwisho. Nilipoitoa simu mfukoni nikakuta imezima. Betri imekufa! Sijui ilikufa lini. Kwa baridi ya kioo chake, ilikufa zamani.

Nusura nizimie. Hebu fikiria ingetokea siku ya onyesho! Ni bahati tu midomo yangu ilikuwa imeshashika mwendo ikajiendea. Bahati haiji kila siku. Nimeazima betri ya akiba kwa jirani na kuifunga kwenye simu kwa mpira wa nguo, mali ya Mama Mdogo.

Alhamisi, 14 Mei

Nianze mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Kupitia upenyo wa mbao niliona safu ya mbele: mtahini, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, pembeni yake Madam, na pembeni ya Madam, sijui alipitaje, Mama Mdogo kwenye gauni alilojishonea kwa siku hii. Alikuwa ananitafuta jukwaani. Kila mwigizaji akiingia, anainuka kidogo kitini, kisha anakaa.

Onyesho la kwanza hakuna aliyekwama. La pili hakuna aliyekwama. Mpishi alitiririka mpaka nikamchukia. Likabaki onyesho la tatu, nalo ni la Bingwa tupu.

Pazia likafungwa wabadilishe viti. Nikasikia mtahini akimuuliza Madam kijana huyo Jaji amefundishwa wapi Kifaransa chake. Aliuliza kwa kumsifu, hilo nakiri. Nikatoka shimoni, nikapita nyuma, nikamkuta Bingwa anavuta pumzi zake. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba mtahini ameuliza Kifaransa kile alifundishwa wapi. Sikuongeza neno. Nilitikisa kichwa tu, nikarudi shimoni.

Aliniuliza kwa nyuma: aliuliza vipi? Sikugeuka.

Pazia likafunguliwa. Viatu vya Bingwa vikaingia, vikafika katikati, vikasimama. Kimya. Nikangoja. Nikainua macho. Midomo yake imekauka, joho la Mama Mdogo linatikisika magotini. Bingwa amekwama! Bingwa mwenyewe! Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilimwonea huruma, maana nilimjua mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimemvaa mwili mzima tangu mwaka wa kwanza.

Alinitazama. Macho yalikuwa yanaomba.

Sasa andika hili, mkono, usione haya. Kichwani mwangu kulikuja maneno. "Nani amenivua heshima nikiwa usingizini?" Kwa Kifaransa, yote, tayari kwenye ulimi. Nikayameza. Mimi najua nini? Nikamgusa Bibi.

Bibi akasema, nami nikanong'ona, na Bingwa, kwa ile sheria ya karoti, akatamka papo hapo kwa sauti ya kutikisa ukumbi: "Onyesho la tatu. Sebuleni, asubuhi. Jaji anaingia kutoka kushoto, hana wigi."

Nikaganda. Bibi hajui maneno ya mwigizaji ni yapi na maelekezo ni yapi! Bibi anasoma karatasi nzima! Mazoezini Mpishi alikwama katikati ya maneno, na Jumanne betri ilikufa, ndiyo maana sikugundua. Nikabonyeza asimame, kidole kikateleza kwa jasho, akaendelea. Na mdomo wangu ukaendelea naye, sijui kwa nini, kama mtu anayeteremka mlima mbio asiweze kusimama. Bingwa akapaza: "Anapiga chafya. Anatafuta chini ya meza, hakuna kitu. Analia kama mtoto, lakini kwa heshima. Geuza ukurasa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wawili. Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bingwa alikuwa ameshupaa, macho yamemtoka, akitangaza kwa sauti ya kughani kwamba sasa Jaji anakaa, huku amesimama. Kwamba anainuka kwa ghadhabu, huku hajakaa. Mtahini alivua miwani akajifuta machozi. Nilimwona Mama Mdogo anacheka kwa sababu wengine wanacheka, bado ananitafuta.

Tulifika mwisho hivyo hivyo. Nikajitupa nje ya shimo nikimbie. Waya ukanasa kwenye ubao, ukachomoka. Na Bibi, kwa sauti yake isiyo na mafua, akautangazia ukumbi wote: "Pazia. Mwisho."

Makofi! Watu walisimama. Ni Madam peke yake aliyebaki amekaa, ananitazama mimi na simu iliyofungwa mpira wa nguo.

Ijumaa, 15 Mei

Mtahini ameandika kwamba hajaona mwigizaji kijana aliyethubutu kiasi kile kujitazama kutoka nje ya nafsi yake. Alama za juu kabisa. Kwa Bingwa! Na Bingwa alipoulizwa wazo lilitoka wapi, alivuta pumzi, akatazama mbali, akasema alilifikiria kwa muda mrefu.

Mwizi! Wazo langu! Nilikwenda mbio kwa Madam kudai haki yangu, nikiwa mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba kudai ni kukiri. Nikageuka. Akaniita kwa jina.

Ofisi yake ina kiti kimoja cha mgeni, kifupi, magoti yanakuja kifuani. Aliniomba simu. Akaiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo, akasema nitaipata Jumatatu. Bingwa hajasema chochote, na hatasema, maana akinichoma anajichoma. Lakini Madam hahitaji kuambiwa. Alisema ameandika yale maelekezo kwa mkono wake mwenyewe, anayajua anapoyasikia.

Halafu, akiwa anapanga karatasi, bila kuniangalia, akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Nani aliyelificha wigi? Nikajibu mpishi, alilipika supu akidhani ni kuku. Akauliza Jaji alifanya nini alipojua. Nikajibu alikunywa ile supu yote ili ushahidi upotee. Akaacha kupanga karatasi. Akaniuliza, sasa kwa Kiswahili, kama nimejisikia. Sikuelewa anachosema. Yalinitoka tu, kwa woga.

Amenipa nafasi ya mwisho. Jumatatu asubuhi nikae mbele yake na mtahini, bila simu, bila shimo, niwasimulie tamthilia yote kwa Kifaransa changu mwenyewe. Nikiweza, nimefaulu. Nikishindwa, ndiyo kwaheri.

Kifaransa changu! Kipi? Huyu mwanamke ananichukia.

Jumapili, 17 Mei

Jana nililia mpaka macho yakavimba. Leo Mama Mdogo alinikuta jikoni naosha vyombo. Aliniambia niache kujiliza. Yale maneno nayasema kutwa, nikifua, nikipiga pasi, hata usingizini, na simu iko kwa mwalimu. Akasimama na sufuria mkononi akaniigiza, vibaya mno, ile sehemu ya kumlaani mwizi wa wigi. Nikamsahihisha mara kadhaa. Akasema, unaona? Nikamwambia sioni kitu. Ni kelele tu zimenasa kichwani, hata kasuku hunaswa nazo. Akasema mgongo unamuuma, akaenda kulala mchana.

Moyo uliniuma kumwona akishika ukuta. Nikajiapia: kesho sishindwi. Na ndipo wazo likaja. Zuri kuliko yote niliyowahi kupata!

Kesho nitakuwa nimepoteza sauti. Koo! Nani atamlazimisha mgonjwa wa koo? Nimeshajifunga skafu, nimeanza kukohoa ili koo lizoee. Tatizo lilikuwa moja tu: mtahini lazima aelezwe, na kwa heshima ya idara aelezwe kwa Kifaransa. Basi nimekaa kitandani nikatunga maelezo, mwenyewe, kutoka kichwani, maana simu sina. Nimeeleza homa ilivyoanza juzi jioni, daktari alivyonimulika kooni na kunikataza kusema. Kisha, wasije wakadhani nakwepa, nikaongeza jinsi inavyoniuma kushindwa kuwasimulia habari za jaji aliyeamka bila wigi, akawashtaki mkewe, dereva wake na mpishi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na utetezi wake, mpaka siku ya supu. Na kwa nini mimi naona mpishi ndiye mwenye akili katika nyumba ile. Yamekuwa marefu kidogo. Nimeyasema mbele ya kioo kwa sauti ya kukwaruza mpaka Mama Mdogo akaamka, akaja kusimama mlangoni, akasikiliza yote, akafunika mdomo kwa kanga.

Alikuwa anacheka au analia, sikujua. Sikuwa na nafasi ya kumuuliza. Nilikuwa namtungia mtahini majibu, endapo ataniuliza lolote kuhusu ugonjwa wangu.

Nikimaliza hayo nitafunga mdomo. Hawatanipata! Hata neno moja la Kifaransa halitanitoka.